Seli za jua za peroviskaiti kwa njia ya mvuke: chumvi ipi iingie kwenye ombwe, ipi ibaki nje

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Dar es Salaam. Maabara yetu ina mashine ya zamani ya kuvukiza alumini na dhahabu ndani ya ombwe, lakini hatuna sanduku la glavu lenye naitrojeni. Kila nikitengeneza utando wa peroviskaiti kwa kudondosha wino wa chumvi zilizoyeyushwa juu ya kioo kinachozunguka, unyevu unaniharibia kazi. Je, naweza kutumia mvuke badala ya wino? Kama naweza, niivukize iodidi ya risasi pamoja na iodidi ya methilamoniamu kwa wakati mmoja, au moja baada ya nyingine? Na je, kuna anayeitumia njia hii kiwandani, au ni mambo ya maabara tu?"

Marahaba. Ndiyo, unaweza. Ila kwa mashine uliyonayo, usiziingize chumvi mbili pamoja. Vukiza iodidi ya risasi peke yake ndani ya ombwe, kisha uigeuze kuwa peroviskaiti, yaani ile fuwele nyeusi inayomeza mwanga kwenye seli, nje ya mashine hiyo, kwenye chombo kingine kilichofungwa, kwa mvuke wa iodidi ya methilamoniamu. Sababu yake inahusu tabia ya chumvi ya pili, na ukishaielewa tabia hiyo utaokoa miezi mingi ya kuhangaika.

Tuanze na iodidi ya risasi, maana yenyewe ni mtiifu. Ndani ya ombwe la milibari 0.00001 hivi, molekuli moja husafiri wastani wa mita kadhaa kabla ya kugongana na nyingine. Chemba yako haifiki hata mita moja, kwa hiyo kinachotoka kwenye kikombe cha moto huenda moja kwa moja hadi kwenye kioo na kuganda pale pale. Iodidi ya risasi huanza kutoa mvuke wa kutosha kikombe kikiwa kati ya nyuzi 250 na 300 za Selsiasi, wakati yenyewe huyeyuka baada ya kupita nyuzi 400. Maana yake inatoka unga inakuwa mvuke bila kupita kwenye umajimaji, na hairuki matone matone kama metali inavyofanya ukiipandisha joto kwa pupa. Tumia kikombe cha kwatsi au cha kauri chenye waya wa joto nje yake, si ile mashua ya tungsteni unayovukizia alumini. Ipandishe taratibu, uiache na kifuniko kikiwa kimefungwa mpaka mwendo utulie, ndipo ufungue.

Sasa iodidi ya methilamoniamu. Hii ni chumvi ya kikaboni, nyepesi, na hupanda kwa joto la nyuzi mia na kitu tu. Ikipanda, haiendi ilikoelekezwa. Inafanya kama moshi wa udi kwenye chetezo: umeuweka pembe moja, baada ya muda kidogo chumba kizima kinanukia, hata nyuma ya pazia. Sehemu yake huvunjika njiani kuwa gesi ya methilamini na iodidi ya hidrojeni, na hizo zikikutana tena juu ya kitu baridi huungana upya. Molekuli zake nyingi zikigusa uso hazishiki, zinaruka kwenda ukuta mwingine. Shinikizo la chemba linapanda, pampu inahema, na kila ukuta unapata ukoko mweupe ambao utarudi kuwa mvuke siku nyingine ukiwa unavukiza dhahabu ya mtu mwingine.

Kuna jaribio dogo linaloonyesha haya waziwazi. Mashine nyingi za kuvukiza zina kipimo cha unene kinachotumia kipande cha kwatsi kinachotetemeka, na kadiri kinavyobeba uzito ndivyo mtetemo unavyopungua. Ukivukiza iodidi ya risasi kisha ukafunga kifuniko cha kikombe, namba kwenye kipimo inaanguka hadi sifuri mara moja. Ukifanya hivyo kwa iodidi ya methilamoniamu, namba inashuka kidogo tu halafu inaendelea kuhesabu. Hata ukikigeuza kipimo kikatazama ukuta, bado kinahesabu. Basi ile namba haikwambii tena kiasi kinachofika kwenye kioo chako. Na hata kingekwambia, kiasi kinachoshika kinategemea kitu kilichopo juu ya kioo. Uso wa iodidi ya risasi huinywa chumvi hii, oksidi fulani huimeza polepole, na nyuso nyingine karibu haziipokei. Kundi la Michael Johnston kule Oxford limeonyesha pia kwamba chumvi hiyo hiyo ikitoka kwa watengenezaji tofauti hupanda kwa mwendo tofauti, kwa sababu ya mabaki ya kemikali za fosforasi yanayotokana na asidi iliyotumika kuitengeneza. Umeweka joto lile lile, mashine ile ile, chupa mpya, na matokeo yamebadilika.

Nasema haya nikijua kwamba mvukizo wa pamoja ndio uliolifungua jambo hili. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Yokohama lilipotumia peroviskaiti kwa mara ya kwanza kwenye seli ya jua, ufanisi ulikuwa asilimia 3.8. Mwaka 2013 Mingzhen Liu, Johnston na Henry Snaith wa Oxford walivukiza kloridi ya risasi na iodidi ya methilamoniamu kwa wakati mmoja, wakapata seli ya asilimia 15.4 yenye tabaka bapa tupu, bila ule msingi wa oksidi yenye vitundu ambao wengi walidhani ni wa lazima. Picha za hadubini za utando wao zilikuwa laini kuanzia ukingo hadi ukingo, wakati ule wa wino waliolinganisha nao ulikuwa na mabonde na mashimo. Kundi la Henk Bolink huko Valencia, Hispania, likaenda mbele zaidi: mwaka 2016 lilitoa seli ambazo tabaka zake zote ziliwekwa kwa ombwe, na ufanisi ukapita asilimia 20. Kwa hiyo mvukizo wa pamoja unawezekana na ni mzuri. Lakini watu hao wana chemba iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, yenye kuta zilizopozwa, vipimo kadhaa vinavyotazama kila kikombe, na mafundi wanaoifungua na kuisafisha kwa ratiba. Wewe una mashine moja inayogombaniwa na maabara nzima.

Hilo ndilo linalonifanya nikazie: chumvi ya kikaboni isiingie kwenye mashine ya pamoja. Mvuke wake wenye iodini hula alumini, shaba na baadhi ya mipira ya kuzibia, huingia kwenye mafuta ya pampu, na huchafua kila metali itakayovukizwa baadaye. Iodidi ya risasi nayo si safi kabisa, lakini hukaa ilipoangukia. Zungushia kuta na sahani za ndani karatasi za chuma cha pua zinazotoka, uzitoe kila mwisho wa kazi, na kikombe chake kisitumike kwa kitu kingine.

Hatua ya kwanza basi iko hivi. Chukua kioo chenye tabaka la FTO au ITO (oksidi zinazopitisha mwanga na umeme), kisafishe vizuri, weka tabaka jembamba la oksidi ya bati. Hili linatengenezwa kwa maji, linakaushwa kwa nyuzi 150 kwenye hewa ya kawaida, na unyevu wa Dar hauliudhi sana. Kisha ingiza kioo kwenye chemba na uvukize iodidi ya risasi. Unene hapa ndio unaoamua mengi. Iodidi ya risasi ikigeuka kuwa peroviskaiti ya methilamoniamu huvimba karibu mara mbili, kwa sababu kila molekuli yake inapokea mgeni ndani ya fuwele. Nanomita 250 zitakupa takriban nanomita 500, ambazo zinatosha kabisa kumeza mwanga wa jua. Anza na 150 au 200 mpaka mkono uzoee. Kwa mwendo wa angstromu moja (sehemu ya kumi ya nanomita) kwa sekunde, nanomita 200 zinachukua zaidi ya nusu saa kidogo.

Umeme ukikatika katikati, jambo la kwanza ni kufunga vali kubwa kati ya chemba na pampu. Kama pampu yako ni ya mvuke wa mafuta, ambayo ndiyo mashine nyingi za zamani zinayo, maji ya kupoza yakisimama na mafuta yakiwa bado moto, mvuke wa mafuta utarudi juu hadi kwenye kioo. Utando utaonekana wa manjano mzuri tu, ila hautageuka.

Utando wa iodidi ya risasi unastahimili kutembea kwenye hewa kwa dakika chache, na hapa ndipo njia hii inapokufaa wewe usiye na sanduku la glavu. Sehemu nyeti inabaki kuwa hatua ya pili peke yake, na hiyo unaweza kuifungia kwenye chombo kidogo.

Hatua ya pili ina ushahidi wa muda mrefu. Kundi la Yang Yang huko Los Angeles lilionyesha kwamba unaweza kuweka tabaka la iodidi ya risasi, ukamwaga unga wa iodidi ya methilamoniamu kuzunguka vioo ndani ya sahani ya kioo yenye kifuniko, ukapasha moto kwa nyuzi 150 kwa saa mbili ndani ya naitrojeni, na seli ikatoa asilimia 12.1. Wao tabaka la kwanza walilipaka kwa wino; wewe utalivukiza. Karibu wakati huo huo kundi la Yabing Qi huko Okinawa lilifanya jambo la jamaa yake ndani ya bomba la tanuri: unga upande mmoja, vioo upande mwingine, gesi kavu ikipita katikati na kubeba mvuke, kila upande una joto lake. Hilo la bomba ndilo ningekushauri, kwa sababu bomba la kwatsi na tanuri ya kanda mbili vinaweza kupatikana au kuundwa na fundi, mtungi wa naitrojeni kutoka kwa wauza gesi ya kuchomelea unatosha ukiipitisha kwenye silika jeli kwanza, na mvuke wote unatoka kwa njia moja unayoijua.

Mabadiliko utayaona kwa macho. Manjano inaanza kuwa kahawia kwenye kingo zilizo karibu na unga, kahawia inaingia ndani, kisha kioo kizima kinakuwa cheusi chenye wekundu ukikitazama dhidi ya taa. Usifurahi bado. Kigeuze utazame upande wa chini, kupitia kioo. Mara nyingi juu ni peusi na chini bado ni manjano. Iodidi ya risasi iliyovukizwa imeshikamana sana kuliko ile ya wino. Mvuke unageuza uso wa juu, peroviskaiti iliyoota pale inaziba njia, na mvuke uliobaki unapenya polepole. Ukikuta hali hiyo, punguza unene kabla ya kuongeza muda, maana ukiongeza muda tu, juu kunaanza kuharibika kabla chini hakujaiva: fuwele zinakuwa kubwa, zinaachana, na mashimo yanajitokeza ambayo metali ya juu itapita na kugusana na tabaka la chini. Ukishazoea, changanya kwenye hatua ya kwanza chumvi nyingine isiyo ya kikaboni. Watafiti wa chuo cha EPFL na kituo cha utafiti cha CSEM huko Neuchâtel, Uswisi, walivukiza iodidi ya risasi pamoja na bromidi ya seziamu. Yi Chenyi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsinghua walitumia mchanganyiko wenye kloridi ya risasi, na mwaka 2022 wakatangaza asilimia 24.42 kwa tabaka zilizovukizwa kwa zamu. Kwa njia ya ombwe, hiyo ilikuwa hatua kubwa sana.

Kupima, kama una mashine ya eksirei, tazama pembe za nyuzi 12.7 na nyuzi 14.1 kwa eksirei za shaba. Mlima wa kwanza ni iodidi ya risasi iliyobaki, wa pili ni peroviskaiti. Mabaki kidogo ya iodidi ya risasi hayadhuru, tena mara nyingi yanasaidia kutuliza kasoro kwenye mipaka ya fuwele. Yakizidi yanazuia mkondo. Kama eksirei hakuna, kipima mwanga cha kawaida cha maabara ya kemia kinatosha: iodidi ya risasi inaanza kumeza mwanga chini ya nanomita 520 hivi, peroviskaiti ya methilamoniamu inaanza karibu na 780. Ukiona ngazi mbili kwenye mchoro, kazi haijaisha. Unga uliozidi juu ya utando uoshe haraka kwa isopropano kavu, kisha kausha.

Unyevu haukuachi huru baada ya hapo. Mvuke umekuondolea kiyeyushi na ule muda wa sekunde chache ambao wino unakauka na kuamua hatima yake, lakini peroviskaiti iliyokamilika bado inakunywa maji na kurudi manjano. Kutoka kwenye bomba, vioo viingie kwenye chombo chenye silika jeli, na tabaka linalopitisha chaji chanya pamoja na dhahabu viwekwe siku hiyo hiyo. Dhahabu, tofauti na ile chumvi, rudisha kwenye mashine yako ya zamani bila wasiwasi, kwa kuwa wakati huo kioo ni baridi na peroviskaiti imefunikwa.

Kuhusu usalama nitasema kwa mkazo kuliko yote niliyosema juu. Hesabu yenyewe inaonyesha kwamba mita moja ya mraba ya utando wa nanomita 500 ina risasi pungufu ya gramu moja, takriban 0.7. Hiyo ni ndogo. Hatari kwako wewe ni unga ulioko kwenye chupa, kwenye kikombe na kwenye karatasi za kuta. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na watoto wao waliumia kwa sababu vumbi la risasi halionekani na halinuki. Usipige brashi kavu ndani ya chemba wala kupuliza kwa hewa. Futa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kiende kwenye pipa lake lenye kifuniko, maji ya kuoshea yasiingie kwenye sinki. Mjamzito asishike kazi hii. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, si ya kitambaa. Na kama baadaye utahamia kwenye chumvi ya fomamidiniamu, ambayo ndiyo inayotoa seli zinazostahimili joto zaidi, ujue kwamba ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kati ya gesi zake imo sianidi ya hidrojeni. Bomba la kutolea gesi lipite kwenye chupa ya maji yenye haidroksidi ya sodiamu kisha litoke nje ya jengo, na chombo hicho kikae ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kama kabati hilo halifanyi kazi, subiri litengenezwe.

Umeuliza kuhusu viwanda. Kuvukiza ndani ya ombwe si jambo geni kiwandani: vioo vya simu vya OLED vinatengenezwa hivyo, na First Solar ya Marekani imeuza paneli za teluridi ya kadimiamu kwa miaka mingi kwa kuzipaka kwa mvuke juu ya vioo vikubwa. Kwa peroviskaiti kikwazo ni mwendo. Utando wa nanomita 500 kwa angstromu moja kwa sekunde unachukua karibu saa moja na nusu, na hakuna kiwanda kitakachosubiri hivyo kwa kila kioo. Ndiyo maana kundi la Valencia na wengine wamegeukia kukisogeza chanzo karibu sana na kioo, milimita chache tu, ili mvuke usipotee njiani na kazi ichukue dakika badala ya saa.

Mahali ambapo mvuke una nguvu ambayo wino unaitafuta kwa shida ni juu ya silikoni. Uso wa seli za silikoni zinazouzwa madukani si bapa. Umejaa piramidi za mikromita kadhaa zinazozuia mwanga kurudi nje. Wino ukimwagwa pale unajaa mabondeni na kuacha vilele wazi. Mvuke unafunika mteremko na kilele kwa unene unaokaribiana. Wale wa EPFL na CSEM niliowataja walifanya hivyo mwaka 2018, wakavukiza chumvi za madini juu ya piramidi kisha wakazigeuza kwa chumvi ya kikaboni, na seli ya tabaka mbili ikatoa asilimia 25.2, miaka minne baadaye taasisi hizo hizo zikapita asilimia 31. Angalia mpangilio wao vizuri: madini kwa ombwe, kikaboni kwa njia nyingine. Ni mgawanyo ule ule ninaokupendekezea, isipokuwa wao hatua ya pili waliifanya kwa wino na wewe utaifanya kwa mvuke wa bomba.

Ukianza, fanya kwanza vioo vya iodidi ya risasi tupu mpaka uweze kurudia unene ule ule bila kubahatisha, ukipima kwa kukwaruza mstari na kuupima kina chake, si kwa kuamini kipimo cha kwatsi peke yake. Namba ya kwatsi inahitaji kurekebishwa kwa umbali na pembe ya mashine yako, na rekebisho la alumini halifai kwa iodidi ya risasi. Kisha gawa kioo kimoja vipande vinne, uviingize kwenye bomba pamoja, uvitoe kwa nyakati tofauti, na utazame upande wa chini wa kila kimoja. Nitumie michoro ya mwanga ya vipande hivyo vinne na unene wa tabaka la mwanzo. Kwa hivyo viwili nitaweza kukuambia kama tatizo ni joto la unga, joto la kioo, au tabaka lenyewe.